Chupa Mbili Nilizozinyima Barafu

Tangu nirudi kutoka Turkana mmeniuliza mara tatu, pale tunapokunywa chai ya jioni, mambo yalikuwaje huko. Kila mara nimewajibu kwamba kulikuwa na joto, mkacheka, tukahamia siasa. Joto lilikuwepo kweli. Lakini juzi Simiyu aliponiletea glasi ya divai ya harusi ya binti yake, niionje niseme kama itamwaibisha au la, nikairudisha mezani bila kuigusa, mlinitazama wote kama mtu aliyekataa kupokea salamu. Ndiyo sababu nimeamua kuandika. Nikisimulia kwa mdomo nitaruka mahali pabaya, najijua.

Kazi yangu mnaijua, ingawa wengine mnadhani ni mzaha. Njeri, yule mama wa Nairobi ninayewatajia, huagiza divai nyekundu kutoka Australia. Hanunui kwenye viwanda vikubwa. Ananunua kwa familia: babu alipanda mizabibu, baba akairithi, na sasa wajukuu ndio wanaochuma na kukamua. Mimi ni ulimi wake. Naonja, naandika mistari mitatu, nazipendekeza kwa mahoteli. Sikusomea popote. Nilimaliza kidato cha nne, kisha nikabeba sinia miaka kumi na mmoja katika hoteli moja ya Naivasha, na huko nilijifunza kwa kumalizia kilichobaki kwenye glasi za wageni kabla hazijaoshwa. Tangu hapo nimehama miji saba. Nimeacha vitanda, nimeacha masufuria, nimeacha na watu. Ulimi tu ndio sijawahi kuuacha mahali.

Safari hii nilibeba chupa kumi na nne. Kumi na mbili zilikuwa za familia mbili zinazojulikana sana katika biashara hii, nikazionjeshe hoteli moja ya Lodwar. Mbili za mwisho hazikuwa na karatasi yoyote, ila herufi M iliyoandikwa kwa kalamu nyeupe. Hizo zilikuwa za Majok.

Majok alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alipelekwa Australia akiwa na miaka kumi na tisa, akapata kazi ya kupogoa mizabibu kwa mzee mmoja wa bonde la Barossa. Baada ya miaka tisa mzee akamwambia: chagua mistari yako shambani, chuma mwenyewe, kamua mwenyewe, nitakupa pipa moja. Pipa moja ni kama chupa mia tatu. Divai ikakaa humo ikikomaa, na sasa mzee alikuwa anataka pipa lake. Akipatikana mnunuzi, divai ingetiwa kwenye chupa zenye jina la Majok. Asipopatikana, Alhamisi ya wiki ile ingepampwa kwenye tangi la familia na kuchanganywa na nyingine. Njeri alikuwa amemwahidi: "Barasa akiipendekeza, nachukua pipa lote." Barasa ndiye mimi.

Majok aliomba jambo moja tu. Chupa ya kwanza ifunguliwe nyumbani kwa mama yake Kakuma, ambaye hajamwona tangu siku ile ya ndege. Ya pili abaki nayo mama. Kwao, alisema, kitu cha kwanza cha mkono wa mtoto hakionjwi na mgeni kabla ya mama kuwepo.

Kitale hadi Lokichar

Tuliondoka Jumatatu alfajiri. Dereva alikuwa Ekai, Mturkana wa Lodwar, mtu wa maneno machache na pikapu iliyofungwa mlango mmoja kwa kamba. Kitale kulikuwa na baridi na ukungu. Nilizipanga chupa zote kumi na nne ndani ya kasha la barafu kama mayai, nikalifunga, nikajiona fundi.

Ukishashuka milima ya Marich joto linakupokea kama mtu aliyekuwa akikusubiri kwa hasira. Unavua sweta, unavua shati la juu, mwishowe unabaki huna cha kuvua. Mimi huipenda hiyo njia. Niliipita mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nikienda kutafuta kazi Lodwar, na kila mlima ninaouona pale hunirudishia kijana yule ambaye hakuwa na chochote cha kujutia.

Tulifika Lokichar mchana, tukakuta magari yamepanga foleni hadi madukani. Mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani, laga iliyo mbele ikajaa, na daraja lake lilikuwa bado linatengenezwa. Kama hamjawahi kuona laga, ni mto usio na maji siku zote isipokuwa siku una haraka.

"Itapungua saa ngapi?" nikamuuliza Ekai.

"Ikitaka."

Tukaingia kibandani kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma mbuzi. Alikuwa amekuja kutoka Kisumu wakati wa makampuni ya mafuta, akabaki. "Walikuwa wanakula mpaka mifupa," akatuambia. "Leo nawauzia madereva wa laga. Mungu si mjinga, amenifungia barabara." Akacheka peke yake, akatuongezea figo.

Kufikia saa tisa nilipofungua kasha, barafu ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu. Nikashtuka. Nilizunguka Lokichar nzima nikiuliza barafu, watu wakinitazama kana kwamba nauliza theluji. Mwishowe nikampata mwenye lori la samaki aliyekuwa akirudi Lodwar kupakia tena, naye amekwama kama sisi. Akanipimia barafu kwa koleo, yenye magamba ya samaki. Haikuwa nyingi.

Hapa ndipo mahali ambapo ningeruka.

Chupa zilikuwa nyingi kwa barafu ile. Ningezifunika zote kidogo kidogo, zote zikapata ubaridi wa kugawana. Au ningetoa mbili, nafasi yao ikae barafu, na zile kumi na mbili zikafika salama kabisa. Nilifikiri kwa muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu. Nikatoa mbili za Majok, nikazizungushia sweta langu, nikazitia kwenye begi nyuma ya kiti cha pikapu.

Ekai alikuwa ameegemea gari. "Hizi mbili zimekosa nini, bosi?"

"Hizo hazina hata jina."

"Mm," akasema.

Kasha tuliliingiza kwa yule mama, chini ya meza, kivulini. Begi lilibaki garini, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi na vidole vya watu. Laga haikupungua jioni ile. Tulilala kwenye mabenchi ya mama wa mbuzi, na asubuhi nikakaa na madereva nikiwasimulia mashamba ya mizabibu ya Australia, jinsi waridi hupandwa mwanzoni mwa kila mstari, jinsi vyumba vya mapipa vilivyo baridi kama makanisa ya mawe. Sijawahi kukanyaga Australia. Nilisimulia vizuri mno hata nikasahau kwamba pikapu ilikuwa juani tangu kulipokucha. Saa sita mchana magari yakaanza kuvuka. Nilipofungua mlango, hewa iliyotoka ndani ilinirudisha hatua moja nyuma.

Lodwar

Lodwar niliyoiacha ilikuwa na vumbi na redio. Ile niliyoikuta ina ghorofa, ofisi za kaunti, mataa ya barabarani, na watu kutoka kila pembe ya Kenya wenye funguo za magari mkononi. Baa niliyofanyia kazi ujana wangu sasa ni duka la simu. Nilisimama mlangoni, muuzaji akaniuliza, "Chaja ama kadi?" Nikasema naangalia tu.

Meneja wa hoteli anaitwa Moraa, mwanamke wa Kisii mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alikuwa amenisubiri tangu jana yake.

"Barasa, wageni wangu wamechoka na waini ya boksi. Jana mmoja ameniambia anaitumia kusugulia viatu. Niletee kitu cha watu wazima."

Tukakaa ua wa nyuma, jua likishuka. Nikafungua chupa moja ya kila familia. Zilikuwa baridi sawasawa, na mimi nilikuwa katika ubora wangu. Ya kwanza, Shiraz ya mizabibu iliyopandwa na babu wa babu, ilinukia zambarau mbivu na pilipili manga, ikashuka kooni polepole kama mtu mzito anayeteremka ngazi. Hiyo, nikamwambia Moraa, ni ya mbuzi wa kuchoma, asiipeleke kwenye samaki. Ya pili ilikuwa Kaberne, zabibu ya aina nyingine, kavu zaidi bila utamu, yenye harufu ya majani ya mkaratusi yaliyosuguliwa kiganjani na ukakasi unaokuacha unataka kula tena. Hiyo ni ya nyama ya ng'ombe, na ifunguliwe saa nzima kabla ya mgeni kuketi.

Kila nilipoonja nilitema kwenye ndoo, kama desturi yetu ilivyo. Ukimeza zote huwezi kusema kitu cha maana kuhusu ya nne. Mlinzi wa hoteli, mzee wa Kiturkana mwenye kigoda chake mkononi, alikuwa akinitazama. Nilipotema mara ya tatu akasogea.

"Ejok," akanisalimia. "Kijana, unabariki nini?"

"Ejok-noi, mzee. Sibariki. Naonja."

"Kwetu wazee ndio wanatema mate. Wanatemea mtoto, wanatemea ng'ombe, mambo inakuwa mzuri. Wewe hata mvi hauna za kutosha, na unatemea ndoo."

Moraa alicheka hadi akashika meza. Mzee akainamisha kichwa, akaniambia kwa kuwa nimeshaanza, basi nimtemee na yeye, huenda mshahara ukaongezwa. "Hilo mwombe huyu mama," nikasema, na Moraa akamwambia arudi langoni kabla hajatemewa barua ya onyo.

Ilikuwa jioni nzuri. Moraa alizitaka zote, na akataka zaidi. Akaniambia nirudi Alhamisi, ana wageni wa karamu, nikazisimamie mwenyewe mezani.

Chumbani nikafungua lile begi. Sweta lilikuwa na doa. Vizibo vya chupa zote mbili vilikuwa vimejisukuma juu kidogo, na kwenye shingo ya moja kulikuwa na ule utomvu mwekundu unaonata. Mtu wa kazi yangu akiona hivyo hahitaji kufungua. Divai imepata moto, imepanuka, imesukuma.

Nililowesha kidole gumba, nikafuta. Nikavisukuma vizibo ndani. Nikajiambia, huenda ni kidogo tu, huenda iko imara kuliko ninavyodhani. Simu ilikuwa mezani ikiwa na chaji. Ningempigia Njeri dakika ile, nimwambie amwombe Majok alete chupa nyingine, mzee asubiri. Njeri asingenifukuza. Angenikemea tu, na mimi, jioni ile baada ya kusifiwa vile, sikutaka kukemewa.

Kakuma

Jumatano tuliondoka mapema. Njia ya Kakuma ni tambarare na nyeupe, na ngamia hawaogopi honi. Kufikia saa tano tulikuwa tumeingia kambini, tukipita maduka ya Wasomali, mgahawa wa Mhabeshi unaonukia kahawa, vijana wa Kikongo wakinyoana nje na muziki juu. Ekai aliuliza njia mara mbili tu. Mama wa Majok anajulikana. Ana kibanda cha chakula, na watu humwita kwa jina la mwanawe ingawa mwanawe hajaonekana pale kwa miaka zaidi ya kumi.

Ni mwanamke mrefu sana, mrefu kunishinda, mwenye alama za kabila kwenye paji la uso na msalaba wa mbao kifuani. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani siku ya kazi. Majirani kama kumi walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki vilivyokopwa, wanyamavu kama watu waliokuja kusikiliza matokeo ya mtihani.

"Wewe ndiyo mtu ya Australia?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Mimi ni wa Kitale. Divai ndiyo ya Australia."

"Lakini unajua mtoto wangu."

"Kwa simu, mama."

"Basi ni sawa na mimi," akasema, akanishika mikono yote miwili.

Hakukubali tuanze bila kula. Tulikula kisra, ile mikate yao myembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia kavu, na kila nikimaliza aliniwekea tena. Jirani mmoja alimpigia Majok kwa video na kumsimamisha kwenye kopo la sukari. Huko kulikuwa jioni. Alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa hadi shingoni.

"Anko Barasa. Karibu kwetu."

"Asante, Majok."

"Nimevaa hii kwa sababu ya mama. Hapa mzee ananicheka, anauliza kama naoa."

Mama yake aliweka mkono juu ya chupa akaomba. Sikuelewa maneno, ila jina la Majok nililisikia mara nyingi. Nikafungua. Kizibo kilitoka upesi mno. Nikamimina glasi mbili, ya mama na yangu, na hata kabla sijainua nilikuwa nimeshaipata: harufu ya zabibu kavu zilizosahaulika jikoni, jamu iliyoungua chini ya sufuria. Nikaonja. Hakukuwa na ndoo, na hata ingekuwepo, watu wale wote walikuwa wakitazama koo langu. Nikameza.

Mama alikunywa yake polepole, hadi mwisho, akapangusa midomo kwa kiganja. Alikuwa akinisubiri mimi.

"Anko, sema ukweli," Majok akasema. "Mzee anataka pipa yake kesho. Njeri aliniambia wewe haudanganyi kwa waini."

"Majok," nikasema. "Imepikwa. Haina uhai."

Uso wake ukabaki vilevile, isipokuwa alisogea karibu na simu.

"Imepikwa namna gani? Mimi na mzee tuliionja mwezi jana. Ilikuwa sawa." Akafikiri. "Anko, inaweza kuwa ni joto ya njia? Ulizibeba kwa barafu?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Kijana mwenyewe alikuwa ameufungua na kuushikilia. Maneno yalikuwa matano au sita tu: nilizitoa mimi, kosa ni langu. Lakini kulikuwa na majirani kumi, na mama aliyevaa nguo ya kanisani, na tumbo langu lilikuwa limejaa chakula chake.

"Nilizibeba zote pamoja," nikasema. "Nyingine zimefika salama."

Ekai alikuwa amechuchumaa mlangoni. Niliona akitazama viatu vyake.

Majok akatikisa kichwa polepole. "Basi ni pipa. Au nilichelewa kuchuma. Mzee aliniambia nichume mapema, nikakataa, nikajiona najua." Kisha akasema kitu kwa lugha yao, taratibu, kwa mama yake. Mama akamjibu. Akanigeukia: "Asante, anko. Wengine wangenisifu tu."

Picha ikapotea. Majirani wakaanza kukusanya viti.

Nilitaka kuondoka saa ileile, lakini mama alikuwa ameshaweka jabana, birika lao la kahawa, kwenye makaa. Akanimiminia kahawa yenye tangawizi kali, akaketi kando yangu.

"Umetoka mbali sana kuambia mtoto wangu ukweli," akasema. "Hapa kambini watu wanakuja, wanaahidi, wanaandika majina, wanaenda. Wewe umesema mbaya ni mbaya. Mungu akubariki."

Chupa ya pili aliifunga kwenye kitambaa, akasema itakwenda kanisani kwa meza ya Bwana, maana huko hakuna anayeuliza utamu. Nikiwa bado nimeshika kikombe chake, nilimwandikia Njeri mistari yangu mitatu. Wa mwisho ulisema: siipendekezi. Akajibu baada ya dakika moja: "Pole kwa kijana. Ukisema wewe, basi."

Kurudi Lodwar

Ekai alifungua mdomo tulipoiacha Kakuma nyuma kabisa.

"Mimi nilibeba hiyo kasha kule Lokichar," akasema. "Nilihesabu. Zilikuwa kumi na mbili."

"Najua."

"Sasa kwa nini umeambia mama ya mtu vile?"

Nikaanza kumweleza: kwamba divai changa ni dhaifu, kwamba hata kwenye barafu kusingekuwa na hakika, kwamba pipa la kwanza la mtu huwa na makosa. Nilieleza kwa maneno mazuri yale yale niliyowapa madereva wa laga. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sisi mbuzi akifia njiani kwa mkono wangu," akasema, "nasema amefia mkono wangu. Siambii mwenyewe alikuwa mgonjwa."

Akawasha redio. Hakuna stesheni iliyoshika, lakini aliiacha ikikoroma hadi mjini.

Alhamisi nilikaa Lodwar kusubiri karamu ya Moraa. Nilikuwa na siku nzima. Nilitembea hadi mto Turkwel nikawatazama wanawake wakifua, nikaenda kwenye lile duka la simu nikanunua chaja nisiyoihitaji. Mara nne nilitoa simu nikaitazama. Nilijiambia kwamba asubuhi ile Majok yuko kazini, nisimsumbue. Mchana nikajiambia kwamba kule kumeshaingia jioni, ameketi kula. Jioni karamu ikaanza. Wageni walisifu Shiraz ile hadi wakaniita mezani, wakanipigia makofi. Mmoja wao, afisa wa kaunti, akanipa glasi yangu nionje nao. Niliipokea. Ilikuwa nzuri kabisa, baridi, hai, zambarau na pilipili manga kama nilivyowaambia. Nilishindwa kuimeza. Nikaitema kwenye kitambaa cha meza mbele ya watu wazima, nikamwomba Moraa radhi, nikaenda chumbani.

Simu ya Ijumaa

Nilimpigia saa mbili asubuhi. Kwao ilikuwa alasiri. Alipokea upesi, bila picha.

Nikamwambia yote: barafu ya samaki, kasha, sweta, jua la Lokichar, vizibo, kidole gumba. Sikupamba. Nikamwambia kwamba nimeshampigia Njeri, na kwamba amekubali kuchukua pipa lote bila kuonja tena, kwa neno la Majok mwenyewe safari hii na si langu. Hiyo ilikuwa kweli. Njeri alikuwa amenikemea kama nilivyoogopa, na kukemewa kwenyewe kulichukua dakika tatu.

Majok alijibu taratibu.

"Nilimwambia mzee Jumatano ileile," akasema. "Alisema tungoje kidogo, tufungue nyingine. Mimi ndiyo nilikataa. Nilimwambia kuna mtu Kenya anajua, na amesema. Jana asubuhi tukapampu."

"Yote?"

"Yote, anko. Iko kwa tangi kubwa."

Nikamwambia ninasikitika. Neno hilo ni dogo kwa Kiswahili na sijui kama kuna lugha ambamo ni kubwa.

"Kwa hivyo haikuwa mbaya," akasema.

"Haikuwa mbaya."

"Wewe ulionja. Chini ya ile kupikwa kulikuwa na nini?"

Mnajua jinsi nilivyo na maneno. Ningeweza kumpa zambarau, ningempa ukwaju, moshi, udongo uliopata mvua, na angeyachukua na kulala nayo maisha yake yote. Nilirudi kwenye ile glasi kwa uwezo wangu wote. Niliikumbuka jamu iliyoungua. Niliwakumbuka majirani. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, kwa sababu tangu tone la kwanza nilikuwa nikitafuta jinsi ya kujiponya.

"Sikuonja chini, Majok," nikasema. "Sijui."

Nilisikia maji nyuma ya sauti yake, yakimwagika kwa nguvu kisha yakitulia.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kazini. Naosha pipa. Mzee ataweka ingine Jumatatu."

Hakukata simu. Aliiweka mahali, na mimi nikabaki nimeketi kwenye kitanda cha hoteli, nikisikiliza maji yakigonga mbao, mpaka salio langu likaisha.